Kuchelewesha Deni: Dhulma Yake Humfika Nani?



Wazee wetu walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Maneno haya twayajua sote, na mara nyingi twayasema huku tukicheka. Lakini yafaa tujiulize: matanga hayo ni ya nani? Yuko adhaniye kuwa mtu akichelewesha deni, khasara ni ya mdai peke yake. Na mdai akiwa tajiri, au akiwa ni kampuni kubwa asiyoijua hata mlango wake, basi hapana aliyeumia. Na yuko adhaniye kinyume cha hayo, kwamba kila aliyechelewa kulipa ni mwizi, na jina lake lastahiki kuandikwa pabaya. Wote wawili wamekosea, na makosa yao yanawapotezea watu fedha na heshima. Leo nataka kulieleza jambo hili kama nilivyolikuta mbali na kwetu, katika miji ya Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Maana huko deni limevuliwa nguo zake, laonekana lilivyo.

Sisi watu wa Mombasa twayaona malori yakitoka bandarini usiku na mchana, wala hatuulizi yaendako. Mengi yaishia Malaba au yapita Busia, na kutoka hapo yaingia Uganda, Rwanda, Sudani ya Kusini na Kongo. Miji hii miwili yaishi kwa kuvuka. Huku yaja mahindi, maharage, mayai na samaki. Kule yaenda sabuni, mafuta, nguo na vyombo. Hata neno boda boda, ambalo sasa limeenea Afrika ya Mashariki nzima, husemwa kuwa lilizaliwa kwenye mpaka huo, pale vijana wenye baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi hii hadi kituo cha nchi ile. Mwaka 2018 katika mwezi wa Februari marais wa nchi mbili hizi walifungua rasmi pale Busia kituo kimoja cha pamoja, ili mtu akaguliwe mara moja badala ya mbili. Mwendo wa mali ukapungua taabu. Lakini mfanyabiashara mdogo wa huko, kama mwenziwe wa Kongowea au Malindi, hana akiba ya kumtosha. Hununua kwa mkopo, huuza, hulipa, hukopa tena. Ahadi yake ndiyo mtaji wake.

Mwaka 2024, katika Mfunguo Mosi, ndugu wa Busia walinialika kwa darsa za siku tatu. Nilikuwa nimetayarisha mlango wa swala ya safari, nikidhani kuwa watu wa mpakani watauhitajia zaidi. Usiku wa kwanza baada ya Isha nikafungua nafasi ya masuala, na masuala yote yakawa ni ya deni. Matatu nayaeleza hapa.

La kwanza lilitoka kwa bwana mmoja mwenye duka kubwa. Alisema: "Sheikh, mimi nina deni la kampuni ya mikopo ya simu, na deni hilo lina riba. Riba ni haramu. Je, si bora nisilipe kabisa, nisije nikamsaidia mla riba?"

La pili lilitoka upande wa wanawake, kwa mama mmoja auzaye mahindi. Alisema: "Sheikh, mimi nimelipa kila senti, lakini nilichelewa, na jina langu limeandikwa. Nikienda kukopa nafukuzwa. Je, mbele ya Mungu mimi ni mdhalimu?"

La tatu halikuwa suala, lilikuwa mzaha. Kijana mmoja wa pikipiki alisema kutoka nyuma: "Sheikh, hapa kwetu deni halivuki daraja. Ukizidiwa, unavuka wewe." Watu wakacheka sana, nami nikacheka pamoja nao. Lakini usiku nilipolala nikaona kuwa masuala matatu yale yalikuwa ni suala moja.

Kwanza yafaa tueleze jinsi jina la mtu linavyoandikwa, kwani wengi wetu twasikia "CRB" na twaogopa bila ya kujua. CRB ni ofisi zilizopewa ruhusa na Benki Kuu ya Kenya kuweka kumbukumbu za wakopaji. Sheria zake zilitolewa mwaka 2008, zikatiwa nguvu tena mwaka 2013 na mwaka 2020. Mtu akikopa, mkopeshaji hupeleka khabari zake huko kwa nambari ya kitambulisho: alikopa kiasi gani, alipe lini, alilipa lini. Si mabaya tu yaandikwayo. Anayelipa kwa wakati naye huandikiwa wema wake. Kutokana na khabari hizo mtu hupewa alama, na mkopeshaji mwingine akitaka kumpa mkopo huitazama alama ile kwanza. Aliye na alama nzuri hupewa kingi, na kwa nyongeza ndogo. Aliye na alama mbaya hunyimwa, au hupewa kidogo kwa nyongeza kubwa. Na khabari mbaya haiondoki siku deni linapolipwa. Hukaa miaka 5 tangu siku ile ya kumaliza kulipa.

Basi hilo daftari si kitu kigeni kama tunavyodhani. Mwenye duka la mtaani kwetu naye analo, ila lake li kichwani. Anamjua nani akisema "Ijumaa" maana yake ni Ijumaa, na nani akisema "Ijumaa" maana yake ni mwezi ujao. Wa kwanza humfungia sukari bila ya kumwuliza. Wa pili humwambia sukari imekwisha, na gunia li nyuma yake. Lililobadilika ni kuwa daftari la zamani lilikuwa la mtaa mmoja, na mwenye kuliandika alimjua mtu, mkewe, watoto wake na misiba yake. Daftari la leo ni la nchi nzima, na anayeliandika hamjui yeyote.

Sasa tuingie katika hukumu.

Mtume Muhammad (S.A.W.) amefundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma. Tazama jinsi neno lilivyopimwa. Hakusema kuwa kila kuchelewa ni dhulma. Amemtaja mwenye uwezo. Na katika hadithi nyingine, aliyoipokea Abu Dawud na wengineo, amefundisha kwamba mwenye nacho akikawiza huhalalisha heshima yake na adhabu yake. Na Sufyan ameeleza kuwa maana ya kuhalalika heshima yake ni kuwa mdai aruhusiwa kusema kwamba fulani amemchelewesha. Basi hilo tu ndilo lililohalalika: kusema kweli ya kuchelewa kwake. Hakukuhalalika kumtukana, wala kumzulia, wala kuwatangazia mashemeji zake.

Kwa hivyo yule bwana wa duka, kama ana fedha na anakawiza, hawezi kulalamika kuwa ameandikwa. Aliyemwandika amesema kweli. Lakini mimi nataka twende mbele zaidi, kwani watu wakisikia neno dhulma huuliza: nimemdhulumu nani? Kampuni ile ina mamilioni. Shilingi zangu elfu kumi zitaipunguzia nini?

Jawabu ni hili. Kampuni haitapungukiwa. Mwenye kukopesha watu mia, akijua kwa mazoea yake kuwa kumi katika wao hawatarudisha, hakai akalia. Huichukua khasara ya wale kumi akaigawa juu ya wale tisini. Yule mama wa mahindi, aliyelipa siku yake, hulipa na sehemu ya deni la bwana asiyemjua, aliyekaa dukani na fedha mfukoni. Haambiwi hivyo. Huambiwa kuwa ada imepanda tu. Basi aliyekawiza akidhani anamla tajiri, kwa hakika amemla jirani yake fukara, na baina yao hakuna hata mmoja aliyejua kuwa ameliwa au amekula.

Ikiwa mtu ana shaka na maneno haya, na atazame yaliyopita katika nchi yetu. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria kwamba benki zisizidishe juu ya mkopo zaidi ya 4 kwa mia kupita kiwango cha Benki Kuu, na sheria hiyo ikaanza kazi mwezi wa Septemba mwaka ule. Watu walifurahi sana. Lakini benki, zilipokatazwa kuwatoza zaidi wale zisiowaamini, ziliacha kuwapa. Mfanyabiashara mdogo asiye na dhamana wala jina alifungiwa mlango, na wengi wakaishia kwa wakopeshaji wa simu na wa vichochoroni. Sheria ile ikaondolewa mwezi wa Novemba 2019. Sisemi kuwa bei kubwa ni nzuri. Nasema kuwa amri ya serikali haikuweza kuleta uaminifu pale ulipokosekana. Uaminifu ukipungua, mnyonge ama hutozwa zaidi ama hukosa kabisa, na katika hali zote mbili anayeumia ni yeye.

Nilipokuwa nayasema haya pale Busia, ulimi wangu ulikuwa mzito, na sababu yake ni hii. Miezi michache kabla ya safari ile nilimwagiza fundi seremala wa mtaani kwetu anitengenezee kabati la vitabu. Akalileta, zuri, kwa wakati aliosema. Lilibaki deni la shilingi 6,000. Fedha nilikuwa nazo. Nikamwambia, "Fundi, nipitie wiki ijayo," si kwa sababu yoyote ila kuwa sikutaka kuitoa noti siku ile. Wiki ijayo nikamwambia vivyo hivyo. Alipokuja mara ya tatu nikampa, naye akashukuru kama kwamba nimempa sadaka. Baadaye nikajua kuwa katika wiki tatu zile alikopa kwa simu ili anunue mbao za mteja mwingine, na ada ya mkopo ule akaitia katika bei ya mteja yule. Basi mteja yule, nisiyemjua mpaka leo, ndiye aliyelipa uvivu wangu. Nilikwenda kwa fundi nikamwomba radhi, naye akanisamehe. Lakini mteja yule nitamwomba radhi wapi? Niliwaeleza watu wa Busia kisa hiki, maana haikunipendeza kumkaripia mtu kwa dhambi niliyoifanya mwenyewe na kilemba kichwani.

Ama hoja ya yule bwana, kwamba mkopo una riba na kwa hivyo usilipwe, ni hoja ya kijanja, na imekwisha kuwapoteza wengi hata huku pwani. Ni kweli kuwa riba ni haramu, na kuiita "ada" au "gharama ya huduma" hakubadilishi kitu, ikiwa ni ziada juu ya mkopo kwa ajili ya muda tu. Riba ya zama za ujahili, ambayo wanazuoni wote wamekubaliana juu yake, ilikuwa ni hiyo hasa: siku ya deni ikifika, mdai humwuliza mdaiwa kama atalipa au atazidisha, asipolipa, huzidishiwa. Lakini Qur'ani ilipoikataza riba, katika Suratul Baqara aya ya 279, iliwaambia wadai kwamba wakitubu rasilimali zao ni zao, wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Basi rasilimali ya mdai ni haki yake hata akiwa mla riba. Uharamu wa ziada haukuhalalishi kula asili. Mtu aliyechukua shilingi 10,000 akazila, kisha siku ya kulipa akakumbuka dini, yampasa ajiulize dini hiyo ilikuwa wapi siku ya kuchukua. Yampasa alipe, atubu kwa kuingia katika mkataba ule, na asirudi tena.

Bwana yule alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sheikh, umenifungia mlango." Nikamwambia: "Mlango umeufunga mwenyewe, bwana. Mimi nimekuonyesha kitasa tu."

Sasa tuje kwa mama wa mahindi, kwani huyu ndiye niliyemwahidi kumwandikia.

Mama huyu alikopa kwa simu shilingi 12,000 mwezi wa Februari 2021, kwa ada ya 10 kwa mia kwa mwezi, akavuka kununua mahindi. Tarehe 5 Machi mwaka ule Kenya ilitangaza kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania, kwa kusema kuwa yana sumu ya kuvu iitwayo aflatoxin. Malori yakasimama Busia na Malaba. Zuio lile likalegezwa baada ya siku chache, lakini kwa masharti ya vyeti na usajili ambayo mchuuzi wa magunia kumi hakuwa tayari nayo. Mahindi yake yakakaa ng'ambo, yakaingia unyevu, akayauza kwa khasara. Ada ya mwezi wa kwanza ilikuwa shilingi 1,200. Ulipopita mwezi akatozwa ada ya pili, nayo ikahisabiwa juu ya deni pamoja na ada ya kwanza, ikawa shilingi 1,320. Deni la 12,000 likawa 14,520. Akawa akilipa mia mbili mia mbili, mpaka akamaliza mwezi wa Agosti. Lakini siku 90 zilikuwa zimekwisha pita, na jina lilikuwa limeandikwa. Kwa hisabu ya miaka 5 lilikuwa likae hadi Agosti 2026.

Na kukaa kwa jina kuna bei yake. Alipokwenda benki alikataliwa. Akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale waitwao shailoki, akampa kwa 20 kwa mia kwa mwezi na akamwekea rehani cherehani yake. Linganisha: baina ya mwaka 2019 na 2024 wastani wa nyongeza ya benki za Kenya ulikuwa baina ya 11 na 18 kwa mia kwa mwaka mzima. Mama huyu alikuwa akilipa kwa mwezi mmoja zaidi ya alichotozwa mwenziwe mwenye jina zuri kwa mwaka. Hivyo ndivyo kuchelewa kunavyopandisha bei ya kukopa: aliye na kidogo zaidi ndiye alipaye kingi zaidi.

Je, mama huyu ni mdhalimu? Nilimjibu hapana, wala sikusita. Yeye si yule aliyetajwa katika hadithi. Yeye ametajwa katika aya nyingine, inayofuata ile ya rasilimali, aya ya 280: kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki, angojewe mpaka afarijike, na kumsamehe ni kheri zaidi. Kungojewa hapa si hisani ambayo mdai akitaka atafanya na asipotaka ataacha. Ni wajibu. Hisani ni kusamehe. Basi aliyemzidishia ada katika dhiki yake amefanya kinyume cha alichoamrishwa: ameamrishwa amwongezee muda, yeye akamwongezea deni.

Hapa ndipo ilipo ila ya daftari la leo. Laandika kuwa mtu amechelewa siku 90, na hilo ni kweli. Haliandiki kwa nini. Bwana mwenye duka aliyekuwa na fedha, na mama aliyezuiliwa mahindi yake na serikali, katika daftari ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Sharia imewatenga, kompyuta imewaunganisha. Na wadhulumiwa wa kuunganishwa huku ni wengi. Januari 2022, Uganda ilipolazimisha madereva wote wapimwe korona mpakani kwa ada ya dola 30, madereva waligoma, na foleni ya malori pale Malaba ikarefuka kilomita nyingi. Nyuma ya kila lori lililosimama palikuwa na mtu mwenye siku ya kulipa. Siku ile haikusimama.

Yafaa tuseme kwa insafu kuwa wenye kutunga sheria wameliona jambo hili kwa sehemu. Aprili 2020 Benki Kuu ilikataza mtu kuandikwa vibaya kwa deni lisilofika shilingi 1,000, na ikawanyima wakopeshaji wa simu wasiokuwa chini ya uangalizi wake ruhusa ya kupeleka majina. Oktoba 2021 kuandikwa kwa madeni yasiyozidi shilingi milioni 5 kulisimamishwa kwa muda wa miezi 12. Kanuni za Machi 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa simu kumtukana mdaiwa na kuwapigia watu walio katika simu yake. Na katika sheria ya mabenki kimo kifungu cha 44A, ambacho kwa ufupi husema kuwa deni likisha kukwama, nyongeza isizidi asili yake. Tazama: hata sheria ya watu wa dunia imeona kuwa lazima pawe na mahali pa kusimama. Ila yenyewe imesimama deni linapokuwa maradufu, na Qur'ani imesimama kwenye senti ya kwanza.

Lakini sheria haiwezi kuingia katika moyo wa mtu ikajua kama anacho au hana. Hilo analijua mwenyewe, na Mola wake. Kwa hivyo hukumu yote ya mlango huu yarudi kwenye suala moja, ambalo kila mwenye deni atajiuliza usiku wa kuamkia siku ya kulipa: ninacho au sina? Akiwa nacho, kila asubuhi inayompita ni dhulma mpya, wala haimsaidii kusema kuwa fedha "zinazunguka". Fedha za mwenzio hazizunguki bila ya idhini yake. Akiwa hana, basi hana dhambi ya kutolipa. Lakini iko dhambi nyingine inayomvizia. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mungu mara nyingi na deni, na alipoulizwa sababu alieleza kwamba mtu akiwa na deni huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja. Tazama kwamba khatari aliyoitaja si ufukara. Ni ulimi. Asiye nacho anayezima simu, anayemtuma mtoto aseme "Baba hayupo", anayetoa ahadi anayoijua kuwa haitatimia, ametoka mwenyewe katika safu ya wanaostahiki kungojewa.

Ndugu zangu, tufanye nini basi? Nawasihi mambo manne, na kila moja lafanyika.

La kwanza: asiyeweza kulipa na aseme kabla ya siku, si baada yake. Mkopeshaji ametakiwa na kanuni ampe mtu ilani ya siku 30 kabla ya kulipeleka jina lake pabaya. Siku hizo zisipotee kwa kujificha. Nenda, eleza, toa ulicho nacho, omba muda, na upate maandishi.

La pili: kila mtu alitazame jina lake. Kanuni zampa haki ya kuiona taarifa yake bure mara moja kwa mwaka, na kupinga yasiyo kweli. Wako walioandikwa kwa deni walilolilipa zamani.

La tatu: sisi kwa sisi tuache tabia ya "nipitie wiki ijayo". Bili ya maji, kodi ya nyumba, ujira wa fundi, mshahara wa mtumishi wa nyumbani. Haya yote ni madeni, ingawa hayaandikwi katika daftari la nchi. Pengine kwa kuwa hayaandikwi ndiyo maana twayachezea.

La nne ni letu sisi tunaodai. Mwenye duka, mwenye nyumba, na mwenye chama cha kuweka na kukopa, atenge kwa macho yake yale ambayo kompyuta haiyatengi. Aulize kabla ya kuandika. Benki zinazofuata sharia zina utaratibu ambao wengine wangefaa kuuiga: mwenye kukawiza akitozwa kitu, kitu hicho huenda katika sadaka, hakiwi pato la benki. Hapo mkawizaji hupata adabu yake, na mdai haoni faida katika dhiki ya mtu.

Siku ya tatu, nilipokuwa naondoka, kijana yule wa pikipiki ndiye aliyenipeleka kituo cha mabasi. Njiani nikamweleza kisa cha maiti aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) ili asaliwe. Akauliza kama ana deni. Akaambiwa analo. Akawaambia maswahaba wamsalie mwenzao, yeye mwenyewe asimsalie, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Nikamwambia: "Mwanangu, huyo alikuwa amevuka zaidi ya daraja lako, na deni lilimfuata."

Hakujibu. Tulipofika nikampa nauli, nayo ilikuwa noti kubwa, naye hakuwa na chenji. Akasema, "Acha Sheikh, utanipa ukirudi." Nikamwambia hatutaachana hivyo. Tukaenda pamoja kwenye kibanda, tukaivunja noti, nikamlipa, ndipo nikapanda basi.

Wa billahi ttawfiq.